Samaki wa Ndevu na Koti la Baba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Chiriku wetu,

Pokea salamu za kujaza sanduku, na nyingine za kubeba mkononi. U hali gani huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa ukiziba simu kwa kiganja ukidhani hatusikii? Unalala? Unakula? Hili la kula nakuuliza kwa sababu maalumu, utaiona mbele.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mzima, ila mgongo unamsumbua kwa kushinda chini ya masinki ya watu. Wanao wazima, wanamwuliza Mama mdogo wao huko mnalala saa ngapi. Cherehani yangu nayo inadai mafuta kila asubuhi kama mgonjwa wa mazoea. Baba yupo chumba cha mbele anasikiliza redio, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Najijua, mdogo wangu. Ningepiga ningelia, nawe ungelia, na salio lingekwisha tukiwa bado tunapenga kamasi. Tena katika nyumba hii Baba husikia hata pini ikianguka. Kwa hiyo nitampa barua hii mwenzako wa chuo anayerudi huko Jumatano, na nimemwapisha akuwekee mkononi. Keti kwanza. Hakuna msiba. Nasema mapema ili usisome kwa kuruka mistari kama ilivyo kawaida yako.

Nianze na neno lenyewe kabla moyo haujageuka. Zile kilo za Baba nilizokuwa nikikutumia kwa simu kila Jumamosi hazikuwa za kweli. Baba hakufika hamsini na mbili, wala hakuzikaribia. Sehemu ya uongo ni yake na sehemu ni yangu, na leo navaa miwani ya mbao nikueleze yote.

Nitarudi nyuma kidogo, hata kwa yale unayoyajua, maana nikirukaruka nitapoteza ujasiri. Mwishoni mwa Machi daktari alisema ngiri ya Baba lazima ipasuliwe, kwani utumbo ukija kunaswa pale hapatakuwa na muda hata wa kuvaa viatu. Lakini alipompima akakuta kilo arobaini na sita na damu nane. Akasema mwili ule hauhimili kisu. Arudi baada ya wiki kumi, damu imefika kumi na uzito hamsini na mbili au jirani yake.

Wewe ukasema unaacha mwaka wako wa mwisho unakuja kumwuguza. Nami nikakusihi ubaki, ufanye mtihani, Baba uniachie mimi. Tukakubaliana kwamba kila Jumamosi nitakutumia uzito wake, na uzito huo ukigoma kupanda wiki mbili mfululizo, utakuja bila kumwuliza mtu. Kosa letu ni kwamba tulikubaliana simu ikiwa kwenye spika, na Baba akiwa kwenye kiti chake amefumba macho. Mzee yule akifumba macho ndipo anaposikia vizuri.

Kisha ikaja barua yako ya kurasa nne kuhusu samaki. Niliicheka, nisamehe. Nilikulea mimi, nikakufuta pua, leo unaniandikia habari za fosforasi. Lakini niliisoma mara tatu. Ulisema tusihangaike na samaki wa mbali, ambaye huku hufika amechoka kuliko sisi, wakati umbali wa dakika kumi kwa miguu lipo bwawa lenye kapi, yule samaki wa magamba makubwa na vijindevu pembeni mwa mdomo. Ulisema katika kila gramu mia za nyama yake mna protini kama gramu kumi na nane, ya kujenga misuli. Mna vitamini B12 ya kusaidia kutengeneza damu, fosforasi ya mifupa, na yale mafuta ya omega ya kutunza moyo. Chuma chake si kingi, kwa hiyo mboga za majani zimfuate, na limau juu. Na nyongo itupwe nzima bila kupasuka, kwa kuwa ni sumu. Unaona nilivyoishika? Ningekuwa mimi ndiye ninayefanya mtihani Julai, ningepita.

Sasa bwawa lenyewe ni la nani? Ni la Robotatu. Wewe ulikuwa mdogo, labda humkumbuki akiwa na duka la mchele na sukari. Jina hilo alilipata siku Baba alipoingia dukani kwake na sanduku la mawe ya mizani, akakuta kilo ya bwana yule ni robo tatu. Mizani ikachukuliwa, duka likafungwa mwezi mzima, na jina likamganda hata baada ya kuacha mchele akahamia samaki. Baba alikuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemchukia kama Robotatu. Nami niende nimwambie kwamba dawa yake imo ndani ya bwawa la mtu yule.

Baba alikataa katakata. Akasema akipewa samaki mzima na Robotatu, atakesha akiitafuta robo iliyopotea. Nikamwambia samaki huyu ana sifa, hata ndevu anazo. Akanijibu kama ndevu ndizo akili, beberu angekuwa jaji.

Basi nikamsomea barua yako mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye zile gramu kumi na nane akainua kidole. "Nani aliyepima? Kwa mizani gani? Ilikaguliwa lini?" Nikamwambia mimi sijui, aliyeandika ni mwanao. Akakishusha kidole. Akasema niendelee. Nilipomaliza akaniomba nirudie ukurasa wa pili.

Shemeji yako ndiye aliyefurahi kupita kiasi. Aliambiwa kapi hutafuta chakula kwenye tope, hivyo kabla ya kupikwa akae siku mbili tatu kwenye maji safi ili ladha ya tope imtoke. Kumwambia fundi bomba jambo kama hilo ni kumpa sikukuu. Alileta pipa la bluu, akaliunganishia mpira wa kuingiza maji na mwingine wa kutoa, vali mbili, na geji ambayo mpaka leo sijui inapima nini. Samaki wetu alikuwa na maji ya uhakika kuliko jikoni kwangu.

Nikapika. Siku moja nilimchemsha na nyanya, siku ya pili nikamkaanga, siku ya tatu nikamwoka, kama ulivyoagiza tusiendekeze mafuta. Kipande cha mgongo, kilichonona, kilikuwa cha Baba. Alikula wali, akala mboga, akausifu mchuzi, na sahani ikarudi tupu. Nikasema Mungu mkubwa, mzee amekubali.

Jumamosi baada ya chai tunapima. Mizani ya bafuni Baba haiamini, hivyo kila wiki hutoa lile sanduku la mawe ya shaba alilozawadiwa alipostaafu, akaipanga mizani na mawe yale jiwe kwa jiwe mpaka aridhike. Kisha mimi natoka kwenda kuosha vikombe, nikirudi nakuta sanduku limefungwa na yeye amesimama tayari, amevaa koti lake la kazi la kijivu lenye mifuko minne. Nilimwomba avue koti. Akasema baridi imemwingia mifupani, na koti ni kilo moja na robo, alishalipima, niitoe tu. Nikaitoa. Ningebishana vipi, mimi mshona nguo, na mkaguzi wa mizani?

Ikawa arobaini na sita, wiki iliyofuata vilevile, kisha arobaini na saba, arobaini na nane, tisa, hamsini, hamsini na moja. Kila namba nilikutumia na vikopa vyangu viwili vyekundu vya mapenzi. Jambo moja tu lilinishangaza, kwamba yeye shingo ilikuwa ileile ya kuku wa mwezi wa njaa, ila paka wa jirani ameanza kung'aa kama kiatu.

Jumatatu ya tarehe 18 Mei Baba alikuwa amejilaza, nikachukua lile koti nilifue. Mfuko wa kulia ulikuwa umechanika. Mdogo wangu, nimeshona mifuko miaka ishirini na miwili. Mfuko wa funguo hutoboka pembeni. Mfuko wa mtu anayeficha mikono hulegea mdomo. Huu ulikuwa umevutwa kwenda chini, uzi umekatika mfululizo, na kwenye bitana kumejichora duara. Nikageuza wa kushoto, nako duara. Ile miwili ya ndani, duara mbili ndogo. Nikaenda chumba cha mbele, nikafungua sanduku, nikatoa jiwe la kilo mbili na kuliweka juu ya alama. Lilienea pale kama kifungo kwenye tundu lake.

Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu mpaka nikashika mbavu. Halafu nikajumlisha, na kicheko kikanikauka. Mawili ya kilo mbili, mawili ya kilo moja. Kilo sita za shaba. Ukizitoa kwenye hamsini na moja, zinabaki arobaini na tano. Baba alikuwa amepungua, na tumebakiwa na wiki tatu na siku kadhaa.

Sikumpigia kelele. Alipoamka nilimwekea koti mapajani. Akaupapasa mfuko mmoja, akaelewa. Nilikuwa na hasira, sikufichi, nikamwuliza katika kazi yake aliwafungia watu wangapi maduka kwa mizani ya uongo. Akasema, "Thelathini na wanane. Na kila mmoja alikuwa na sababu yake."

Sababu yake yeye ni wewe. Alisikia makubaliano yetu yote. Alisema mtoto amesoma mpaka amefika ukingoni, na yeye hatakuwa mtu wa kumvuta mguu. Kwa hiyo akawa anajiongezea kidogokidogo, kilo hapa, kilo pale, kwa ufundi wa mtu anayejua kwamba mwili haunenepi kwa siku moja. Wafanyabiashara wote aliowakamata hawakufikia nusu ya ujanja ule. Alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi na wewe, tukang'aa.

Nikamwuliza, basi na samaki je? Kuongopa uzito nimekuelewa, lakini kwa nini hukumla tu ukanenepa kweli? Hapo akageuza uso dirishani. Nikamletea kipande, nikakaa mbele yake bila kuondoka, jambo ambalo kumbe sikuwahi kulifanya, maana wakati wa chakula mimi ni mtu wa kwenda jikoni na kurudi. Hakukitazama. Alikuwa anakiminya kwa dole gumba, taratibu, kama anayetafuta sarafu ndani ya pindo.

Ni miiba, Chiriku. Ndicho kitu ambacho kurasa zako nne hazikukitaja. Kapi ana miiba myembamba iliyojificha katikati ya nyama, imegawanyika ncha kama uma, na Baba haioni. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, la kulia linaona ukungu. Siku ya kwanza kabisa mwiba ulimkwama kooni tukiwa sote mezani tunacheka mambo ya pipa, akausukuma kwa tonge la wali asiseme neno. Tangu siku hiyo samaki akawa anaingia kwenye leso, na leso inakwenda dirishani kwa paka wa jirani. Protini yote uliyoihesabu, vitamini na omega, ameifaidi paka.

Unakumbuka marehemu Mama alivyokuwa na desturi ya kuivuta sahani ya Baba kwanza, eti anaonja chumvi? Tulikuwa tunacheka, tunaita mapenzi ya wazee. Alikuwa anachambua miiba. Mama alijua, akafa na siri yake, na tangu tumzike Mama, Baba hakugusa samaki wala hakuna aliyejiuliza. Mtu aliyekuwa anaona mstari mwembamba kama unywele kwenye mizani ya watu, aibu ilimkaba kusema haoni kilicho kwenye sahani yake. Niliipenda aibu ile na kuichukia kwa wakati mmoja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa anaficha mawili.

Hapa sasa ndipo uongo wangu unapoanza. Ilinipasa kukupigia simu jioni ileile. Nilishika simu, na wewe ukanitangulia na ujumbe kwamba umeanza mitihani ya vitendo na mikono inakutetemeka. Nikaahirisha. Jumamosi ilipofika nikakuandikia hamsini na moja na nusu. Iliyofuata, hivyohivyo. Iliyofuata, hamsini na mbili, na vikopa viwili. Baba hakuniomba nifanye hivyo, hata hakujua. Nilijua makubaliano yetu, nilijua ungekuja, na nilijua una haki ya kuja. Nikaamua kwa niaba yako, kama nilivyokuwa nikikuamulia viatu vya shule. Jana ulipouliza mbona kimya, nikasingizia mtandao. Nisamehe, mdogo wangu. Hilo ndilo lililokuwa linaniamsha alfajiri na kunikalisha kwenye cherehani bila kushona.

Ila sikukaa bure. Kesho yake baada ya kuyagundua yale mawe nilikwenda kwa Robotatu mwenyewe, nikamweleza kila kitu, koti, mawe, paka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akapangusa macho, akaosha mikono, akachukua kisu chembamba, akasema njoo hapa utazame.

Kumbe dawa ya miiba ile si kuitoa. Unamfungua samaki, unatoa mnofu wa ubavu mzima, unaulaza ngozi ikiwa chini. Kisha unaukatakata kukingama, mkato baada ya mkato, nafasi ya unene wa sarafu, kisu kishuke mpaka kiguse ngozi lakini kisiipite. Miiba inakatika vipande vidogo mno. Ukimweka kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, vipande vile vinalainika na kuliwa pamoja na nyama, ulimi usijue. Ukitaka kuchemsha, basi unamsaga mara mbili na kufinyanga viduara. Samaki wa kwanza nilimharibu, nikampasua ngozi kama kitambaa cha bei rahisi. Wa pili mkono ulishika. Ni kazi ya pindo tu, mdogo wangu, mikunjo iwe sawa na usivute.

Robotatu alinichagulia samaki mwingine, akampima mbele yangu, akasema nimwambie mzee hiyo ni kilo kamili na nyongeza. Nilimkaanga, nikakaa karibu na Baba. Akaminya, akatafuta, akatia mdomoni kipande kidogo mno, akatafuna kwa muda mrefu. "Hana miiba." Nikamwambia anayo, ila imekatwa. Akauliza nani kaikata. Nikasema mimi, ila kafundisha Robotatu. Akala kipande cha pili. Akala cha tatu. Alipomaliza alifuta vidole akasema kilo ya bwana yule siku hizi imenyooka, na kutoka kwa Baba hicho ni cheti chenye muhuri.

Tangu siku hiyo tunakula kapi mchana na jioni. Kichwa kinakuwa supu, mnofu unakaangwa au unasagwa, mboga za majani zinamfuata na limau juu, kama ukurasa wa tatu unavyosema. Paka wa jirani amerudi kwao kwa masikitiko. Na Baba tunampima akiwa na fulana na kaptura tu, shemeji yako akiwa shahidi. Arobaini na tano ikawa arobaini na sita. Ikawa arobaini na saba. Jana imekuwa arobaini na nane na robo. Hizo ndizo kilo za kweli, na ninakuandikia bila vikopa.

Alhamisi tulikwenda hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Daktari alisoma karatasi ya maabara, akamtazama Baba, akaisoma tena. Damu ni kumi na nukta mbili. Uzito haujafika, akasema, lakini mwili umeamka na damu imetosha, na ngiri haisubiri. Yuko radhi kumpasua. Jicho nalo litafuata baadaye. Akauliza mzee alikuwa anakula nini. Baba akamtajia protini gramu kumi na nane katika kila mia, na B12, na fosforasi, kwa mpangilio wako ule ule. Daktari akauliza ameyatoa wapi. Akasema, "Kwa binti yangu."

Tarehe zilizokuwa wazi ni mbili, Alhamisi ya 25 Juni na Alhamisi ya 9 Julai. Mimi nikafungua mdomo niseme 25, kwa jinsi ninavyoogopa ule utumbo. Baba akaniwekea mkono gotini, akamwambia daktari, "Tupe ya tisa. Nina binti anakuja, mtihani wake wa mwisho ni tarehe tatu." Daktari akasema wiki mbili zaidi za samaki hazitamdhuru, ila maumivu yakianza tukimbie hukohuko hata kama ni usiku wa manane. Akaandika.

Chiriku, tarehe hiyo ya mtihani haijatajwa humu ndani tangu Januari. Ilikuwa kwenye barua yako ya mwaka mpya, niliisoma mara moja tu kwa sauti, Baba akiwa amefumba macho.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje kumsubiri shemeji yako. Nikamwuliza, wewe si ndiye uliyebeba kilo sita za shaba ili huyu mtoto asije? Akasema, "Nilitaka asome. Sasa nataka aje. Ninaogopa, mwanangu." Nimeishi na Baba miaka arobaini na minne, sijapata kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilimshika mkono tukakaa hivyo mpaka gari likafika.

Kwa hiyo usiache mtihani. Mtu asikudanganye, hata moyo wako. Ukiuacha tutakuwa tumemwumiza bure. Fanya karatasi yako ya mwisho, kisha ufunge sanduku. Ukinikasirikia, nikasirikie tukiwa jikoni, nitakuwa nimekuwekea mnofu na kisu, utoe hasira zako kwenye miiba.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema amepunguza vali moja kwenye pipa. Wanao wanakusalimu. Robotatu naye ameomba atajwe. Nisalimie mwenye nyumba wako, na yule rafiki yako wa kicheko kikubwa, na yeyote anayekupikia uji ukiumwa. Mungu akutangulie kwenye kila karatasi, akushike mkono usitetemeke, akulinde barabarani mpaka mlango wetu uufungue wewe mwenyewe.

Lipo jambo moja la mwisho, na hili halingojei. Daktari alitupa fomu ya kurudisha Ijumaa. Chini kabisa kuna mahali pa kujaza ndugu atakayekuwa na mgonjwa siku ya upasuaji, atakayesimama mlangoni na kuwa wa kwanza kuonekana akizinduka. Nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu. Baba, ambaye haoni mwiba, aliisikia kalamu. Aliniambia nifute, niandike lako.

Nimeliandika.

Wako akupendaye tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni,

Dada yako.